Koti la Nyoka Kitini

Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia jambo lake katika ofisi ya umma hapa Kenya analijua lile koti. Limetundikwa nyuma ya kiti, na mezani pana miwani na kalamu ambayo haijafungwa kifuniko. Mwenyewe hayupo. Ukiuliza, unaambiwa mkubwa ametoka kidogo, na ithibati kwamba atarudi ni hilo koti. Mwenzangu wa masjala, mtu mpole aliyependa kuchora tangu utotoni, alilichora siku moja nyuma ya karatasi iliyoharibikia kwenye mashine ya kopi. Mahali pa koti aliweka gamba la nyoka, limening'inia vizuri kwenye mgongo wa kiti, na dirishani ncha ya mkia ikitokomea nje. Chini aliandika kwa herufi kubwa: AMETOKA KIDOGO.

Akanipa niipake rangi.

Nilikuwa karani wa kuandika kumbukumbu za vikao, Kwale mjini, katika ile miaka ya mwanzo ya ugatuzi baada ya 2013, ofisi zilipokuwa mpya na maneno mapya yakimiminika. Kazi yangu ilitaka kasi. Picha ya nyoka ilitaka kinyume chake. Gamba lile lilichorwa kigamba kwa kigamba, na kila kimoja kilibidi kijazwe peke yake, kijani hapa, kahawia pale, penseli isivuke mstari. Nilipofika katikati ya mgongo, chakula cha mchana kikiwa kimeshapoa, nikajikuta nawafikiria watu walioketi kwenye benchi la varanda. Wengine niliwajua kwa sura, maana walitoka kwetu Mkongani. Walikuwa wamelipa nauli, wameacha shamba, wamekuja na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Kuyatamka yale maneno mawili ni sekunde moja. Wao waliyakalia kutwa nzima.

Hapo ndipo nilipoijua kazi ya picha hizi, na tangu hapo sijabadili imani yangu: neno la ofisini ni jepesi mno, halishikiki. Linasemwa, linaandikwa, linapita. Ukilipa mwili wa mnyama linapata uzito na miguu, na kazi ya kupaka rangi inakulazimisha ukae nalo mpaka uone linamfanya nani nini.

Mwenzangu aliendelea kuchora, nami nikaendelea kupaka. "Sistimu iko chini" ilikuwa popo, ameng'ang'ania boriti ya paa, kichwa chini, amejifunika mbawa, na sakafuni foleni ndefu ya watu wanamkodolea macho. Binti yangu alipopewa picha hiyo aliigeuza karatasi juu chini. Akasema sasa popo amesimama sawasawa, wanaoning'inia ni watu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Siku mtandao ukikatika, aliye ndani ya ofisi haoni kwamba kuna kilichopinduka. Chai ipo, feni inazunguka. Waliopinduka ni wale walio upande wa pili wa dirisha, ambao wasipopata ile karatasi leo watalala mjini kwa watu.

"Ziara ya mafunzo" ilikuwa korongo mwenye mkoba wa safari, mguu mmoja juu, yuko tayari kuruka tena kabla hajafungua alichorudi nacho. "Kujengewa uwezo" ilikuwa punda aliyevishwa cheti shingoni kwa utepe mwekundu, na mzigo mgongoni ni ule ule, mitungi ya maji. "Kupambana na ufisadi" ilikuwa wavu wa kuvulia, na hii ilihitaji rangi ya fedha nyingi kuliko tuliyokuwa nayo: dagaa wamejaa tele, na papa anapita katika tundu kubwa bila hata kukunja pezi. Nilipomwonyesha mvuvi mmoja wa Msambweni, hakucheka. Aliniuliza tundu lile lilitobolewa na papa mwenyewe au mshonaji aliliacha makusudi. Swali hilo halikuwa kichwani mwa mchoraji, na lilitufanya tuichore picha upya, safari hii sindano ya kushonea nyavu ikionekana pembeni.

Wenzetu wa mbali nao wamelipitia jambo hili. Marekani, mwaka 1961, kilitoka kitabu cha watu wazima cha kupaka rangi, *The Executive Coloring Book*, kazi ya Marcie Hans, Dennis Altman na Martin Cohen, kikimcheka mtu wa ofisini na suti yake na siku zake zinazofanana. Nusu karne baadaye, 2013, Mskoti Johanna Basford alitoa *Secret Garden*, kitabu cha bustani za kupaka rangi, na kikauzwa duniani kote hata watu wazima wakarudi madukani kununua penseli za rangi bila kuona haya. Hao wa pili walitafuta utulivu. Sina ugomvi na utulivu, ila mimi nipo pamoja na wale wa 1961. Rangi ikinituliza mpaka nikasahau kilicho kwenye picha, basi imeninyima nilichokifuata.

Na kwetu pwani mnyama wa ofisini hakuja jana. Waliosoma Kiarabu kidogo wanaikumbuka Kalila wa Dimna, iliyotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, hadithi zenye asili ya Kihindi. Kuna simba mfalme, kuna ng'ombe anayependwa na mfalme, na kuna bweha Dimna anayepitisha maneno masikioni mwa mkubwa mpaka ng'ombe akauawa. Aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa anayependa kunong'onezwa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kisha kuna kisa cha punda wa dobi, ambacho Edward Steere alikiandika kutoka vinywani mwa watu wa Unguja na kukichapisha mwaka 1870. Ndani yake yumo kima anayepanda mgongoni mwa rafiki yake papa, na katikati ya bahari anaambiwa kwamba kinachotakiwa ni moyo wake. Kima anajiokoa kwa kusema sisi kima tukitembea mioyo tunaiacha mitini. Mzee mmoja wa Mkongani alipoiona picha ya gamba la nyoka kwenye kiti aliitazama kitambo, kisha akasema, "Huyu ni ndugu yake kima. Ila kima aliacha moyo akaondoka na ngozi, huyu kaacha ngozi akaondoka na moyo." Mwenzangu wa masjala aliposimuliwa maneno hayo aliomba jina la mzee ili akamsalimie.

Nilipomaliza kazi ya ofisi nikarudi nyumbani, picha nilizibeba ndani ya faili.

Mkongani ni wadi ya Matuga, imepakana na msitu wa Shimba Hills, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, mahali pekee hapa Kenya palipobaki palahala. Upande wetu wa mpaka ni minazi, mahindi, michungwa, mikorosho na mibiksa. Upande wa pili ni ndovu na nyani, na mpaka wenyewe wao hawaujui. Katikati ya vyote hivyo hupita maneno. Katiba ya 2010, Ibara ya 10, imeweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe watu katika kazi zake. Ni haki kubwa, na nimeona watu wa kwetu wakiithamini. Wanakuja, wanakaa chini ya mwembe, wanatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Kisha mgeni anasimama na kusema kwamba wadau wote wamehusishwa, mikakati imewekwa, mchakato unaendelea, na wanaitikia vizuri kwa adabu, kwa sababu mgeni hakatizwi. Hakuna neno hata moja katika hayo lisilo la Kiswahili. Ila ukimuuliza mtu jioni nini kilisemwa, anakwambia, "Walisema mambo mazuri."

Nikaanza kuzitoa kopi za zile picha dukani na kuwaita majirani barazani alasiri, kazi za shamba zikiisha. Walikuja kina mama wa chama chetu, wazee wawili watatu, na watoto ambao ndio waliokuwa na ujuzi. Penseli hazikutosha, ila Kwale haikosi rangi. Mbiksa uko ukingoni mwa shamba. Tunda lake lina miiba laini kama shokishoki, na ukilipasua unakuta mbegu ndogo zilizovaa wekundu mkali. Zamani sisi watoto tulijipaka midomoni. Rangi hiyo hiyo husafirishwa nje kwenda kutia rangi siagi na jibini. Ukiisaga mbegu kidogo kwenye kifuu, ukatia tone la mafuta ya nazi, unapata rangi ya machungwa yaliyoiva sana, na haitoki kidoleni mpaka kesho. Manjano tuliitoa jikoni, nyeusi ilitoka kwenye makaa. Kijani ndicho kilichotusumbua. Majani ukiyasugua yanatoa rangi nzuri kabisa, na kesho yake imegeuka ya tope.

Karatasi nayo ina hadithi. Kuna wakati tulipata karatasi za kinyesi cha ndovu kutoka Mwaluganje, ile hifadhi ambayo wenye mashamba walikubaliana kuianzisha mwaka 1995 ili ndovu wapate njia kati ya Shimba na msitu wa Mwaluganje. Ndovu hasagi chakula chake sawasawa. Sehemu kubwa ya majani na magome inatoka kama ilivyoingia, nyuzi tupu. Nyuzi hizo huoshwa, huchemshwa, hupondwa, huchanganywa na karatasi kuukuu, zikachujwa kwenye fremu yenye wavu na kuanikwa juani. Nilipoambiwa kwamba karatasi kuukuu ndiyo inayotiwa humo nilifurahi sana. Nikasema kumbe kumbukumbu za vikao zinaweza kuwa na mwisho mwema, zikaenda kukutana na ndovu. Penseli haitelezi kwenye karatasi hiyo. Inakwaruza, inakamata kwenye nyuzi, unalazimika kwenda polepole kuliko kawaida.

Juu ya karatasi hiyo ndipo Bibi mmoja jirani yangu alipoipaka rangi picha ya ndovu. Maneno yake yalikuwa: SUALA LAKO LINASHUGHULIKIWA. Ndovu ameketi juu ya meza ya ofisi, mkonga ameuzungusha kwenye simu, na chini ya makalio yake inachungulia pembe moja ya faili, pembe tu. Bibi huyu ndovu walimlia mahindi usiku mmoja yakiwa yameanza kubeba, na alipeleka taarifa kama inavyotakiwa. Alikaa na picha ile kitambo bila kuigusa. Kisha akachovya kidole kwenye biksa na kuipaka ile pembe ya faili, peke yake, nyekundu iliyokolea mpaka karatasi ikalowa. Ndovu hakumgusa.

"Na ndovu je, Bibi?" nikamuuliza.

"Ndovu hana makosa, mwanangu. Alikula, akashiba, akaenda zake. Mimi nalitaka lile lililokaliwa."

Kijana mmoja aliyemaliza sekondari, aliyekuwa akimpakia mdogo wake popo, akadakia. Akaeleza sheria ya wanyamapori ya 2013: aliyeuawa na mnyama, familia yake hustahili shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu, milioni 3, majeraha mengine, hadi milioni 2. Na mazao nayo yamo, akasema, madai yake hupelekwa yakachunguzwe na kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Bibi akamsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo," akauliza, "faili langu liko kwenye hiyo kamati au halijafika?"

Lilikuwa swali dogo, na alikuwa hajawahi kuliuliza, kwa sababu alichoambiwa siku zote ni kwamba linashughulikiwa, na neno hilo halina mlango wa kugonga. Sasa alikuwa na mlango. Baraza la chifu lililofuata alisimama akauliza hivyo hivyo, kwa jina la kamati, kwa sauti ya kawaida, na nilimwona aliyekuwa akiandika kumbukumbu anasimamisha kalamu ili amsikie vizuri. Fidia yenyewe ni safari nyingine, na anaendelea nayo. Lakini nilikuwa nimeandika vikao vya kutosha kujua tofauti kati ya mwananchi anayelalamika na mwananchi anayeuliza kitu kinachojibika. Wa kwanza huandikwa "wananchi walitoa maoni." Wa pili huandikwa neno kwa neno.

Si picha zote zilizopokewa vizuri, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu anayetaka kuiga kazi hii ataanguka hapo. Picha ya wadau ni ya nyani. Wameketi duara, kila mmoja na gunzi la hindi mkononi, mmoja amevaa miwani na anasoma ajenda. Nje ya ua, mikono kwenye miti ya ua, amesimama mwenye shamba. Kina mama waliipenda kuliko zote, maana nyani wanawajua kwa karibu. Wamewafukuza tangu wakiwa wasichana. Lakini jirani mmoja ambaye mwanawe ameajiriwa na kaunti aliirudisha karatasi. "Mwanangu si nyani," alisema, na akanyamaza.

Alikuwa na haki. Kwetu kumwita mtu kwa jina la mnyama ni tusi zito. Ndoa zimevunjika na majirani wamehamishana kwa neno moja la namna hiyo. Tulilijadili barazani, na mwenzangu wa masjala, aliyekuja kututembelea Jumamosi moja, alitueleza kanuni ambayo alikuwa ameishika muda wote bila kuitangaza. Mnyama huchorwa kwa ajili ya neno, hachorwi kwa ajili ya mtu. Hakuna sura ya mtu inayowekwa kwenye mwili wa mnyama, hakuna cheo kinachoandikwa kifuani, na mtu anayesubiri, yule wa kwenye benchi, hachorwi mnyama kamwe. Yeye daima ni mtu, na daima ana uso uliokamilika. Nilizipitia picha zote baada ya kumsikia. Ni kweli. Hata katika ile foleni ya popo kila uso ulikuwa na macho yake na mdomo wake, ingawa watu walikuwa wadogo kuliko punje ya mchele. Yule jirani alisikiliza. Picha ya nyani hakuichukua, na sikumlazimisha. Alichukua ya papa.

Mwingine aliyekaa upande ni mama mmoja mcha Mungu ambaye viumbe vyenye roho havipaki wala havichori. Waislamu ni wengi Kwale, na mazungumzo juu ya picha za viumbe yana wanazuoni wake. Mimi si mmoja wao. Alikuja kila alasiri hata hivyo. Alipaka minazi, meza, viti, mafaili, na ua wa shamba, kwa uangalifu ambao hakuna aliyeufikia, akamwachia mjukuu wake wanyama. Picha zao wawili ndizo zilizotoka safi kuliko zetu sote. Na kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye samani, yeye ndiye aliyegundua kwamba katika picha zote za ofisi hakuna hata moja yenye kiti cha mgeni. Mwenzangu wa masjala aliapa kwamba hakufanya makusudi. Alichora alichozoea kukiona.

Watu huniuliza kwa nini tusizitoe picha zikiwa zimeshapakwa rangi, tuzibandike ukutani kwenye ofisi ya wadi kama mabango. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora wanyama wake kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na hadi leo picha za mtindo wake zinaning'inia kwenye kuta za dunia nzima bila mtazamaji kuongeza chochote. Nazipenda. Ila bango linatazamwa likapitwa. Picha isiyo na rangi inakungoja uamue. Lazima uchague cheti cha punda kiwe cha dhahabu au cha kaki, mwenye shamba awe amevaa shuka nzuri au kuukuu, sindano ya mshona nyavu ionekane sana au kidogo. Huwezi kuchagua bila kuwa na maoni, na watu wa kwetu, ambao mkutanoni husema hawana la kuongeza, kwenye picha walikuwa na maoni mpaka tukakosa nafasi ya kuweka vifuu vya rangi.

Kwa sasa tumekwama kwenye MCHAKATO UNAENDELEA. Kina mama wamemwomba mwenzangu aichore, naye amesema atachora mnyama watakayekubaliana, na hawajakubaliana. Wazee wanataka jongoo: miguu mingi, yote inatembea, na mwendo huuoni. Watoto wanataka siafu, kwa sababu wanapenda kupaka nyeusi na kwa sababu wako wengi. Bibi wa mahindi anawakatalia siafu kabisa. Siafu, anasema, akipita nyumbani kwako usiku unajua amepita, na asubuhi unajua alikokwenda. Kijana wa sekondari amependekeza konokono, akaambiwa konokono walau anaacha alama. Mama anayepaka samani amesema wao wachague watakalo, ila safari hii achorewe na kiti cha mgeni.